Kaeni Tayari

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mama mkwe wake Bunge alivuta kiti karibu na dirisha, akapangusa simu kwa upindo wa nguo yake, akaipiga ile namba ya bure ya shirika la misaada. Hakuwa na shida ya kueleza. Alipiga ili amsikie mwanawe.

"Asante kwa kutupigia," sauti ya marehemu ilisema. "Maoni yako tunayathamini. Kaa kwenye laini, utahudumiwa."

Naye alikaa. Kinanda kilipigwa kidogo, kisha sauti ikarudi na maneno yaleyale, na bibi akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na mgeni wake. Mhudumu akipokea na kuuliza, "Haloo, nikusaidie nini?", bibi hukata. Wahudumu walishamzoea. Walimwita Bibi Kimya, na baadhi yao wakiiona namba yake huchelewa kupokea makusudi, ili asikilize vya kutosha.

Mwanawe alikuwa mtangazaji wa gari la vipaza sauti. Chanjo, maji kukatika, mkutano wa wazazi, mbwa wa kichaa: yote yalipita mdomoni mwake, ndiyo maana bondeni kote walimwita Spika. "Spika gani wewe huna bunge?" walimtania. Naye alimwonyesha mkewe kwa kidevu: "Bunge langu hili hapa, na halijawahi kunipitishia hoja hata moja." Tangu siku hiyo mke akawa Bunge.

Siku ya mafuriko, watu wa sehemu za juu walimwona Spika akiendesha gari lake kuelekea bondeni, wakati kila mwenye miguu alikuwa anatoka huko. Alirudi kufanya nini, hakuna aliyejua. Gari lilipatikana limelala ubavu kwenye matope, kipaza sauti kimejaa mchanga. Yeye hakupatikana. Hawakuzika kitu. Ilibaki ile sauti kwenye simu, na kwa jinsi alivyokuwa hana kaburi, Bunge wakati mwingine aliona kama mumewe amehamia humo, katika ile namba ya bure, anapokea watu.

Mvua nyingine zilipokaribia, shirika lilimtuma mtafiti. Alikuwa dada mrefu, mpole, anayevaa viatu vya mvua hata jua likiwaka. Watu hawakuwa na pengine pa kwenda, walikuwa wamesharudi kujenga bondeni, na ofisi ilitaka kujua: mara ile maonyo yalitolewa mapema, mbona wengi hawakuondoka? Mtafiti alimwajiri Bunge amtembeze nyumba kwa nyumba na kuandika yaliyorekodiwa.

"Wewe wanakujua," alimwambia. "Mbele yako watakuwa huru."

Maswali yalikuwa matatu tu. Ulisikia nini? Ulielewa nini? Ulifanya nini?

Kwa fundi cherehani, mwanamke mnene aliyekuwa rafiki wa Spika, walikaribishwa kwa kelele. "Shemeji! Huyo mgeni wako na hicho kidude chake, nikipiga chafya kitaandika?"

"Kitaandika."

"Basi kiandike kwamba nauli ya kwenda kliniki imepanda, na mume wangu ni mvivu." Alicheka peke yake. Mtafiti alipouliza kuhusu tangazo, cherehani ikasimama. Fundi akamtazama Bunge, akatazama kitambaa. "Tulisikia vizuri. Lilikuwa tangazo zuri. Sauti yake marehemu ilikuwa nzuri sana, Mungu amrehemu."

Kila nyumba ikawa hivyo. Tulisikia vizuri. Tunashukuru. Hakuna la kuongeza. Watu waliokuwa wakibishana mpaka juu ya bei ya kiberiti, sasa wote walikuwa na adabu ya msibani. Bunge alidhani ni heshima, na kifua chake kikajaa.

Ukweli aliukuta ofisini, kwenye chumba kidogo chenye feni mbovu, amevaa vipokea sauti masikioni, akiandika mahojiano ya fundi viatu. Siku ile mvua ya rasharasha ilianza katikati ya mazungumzo, naye Bunge akatoka kwenda kuondoa viatu vilivyoanikwa nje. Aliisikia sauti yake kwenye rekodi ikisema, "Nakuja." Akasikia mlango. Kisha sauti ya fundi viatu, imeshuka.

"Sasa ametoka nitakwambia, dada. Huyu mama tunamwonea huruma, hawezi kuambiwa na mtu. Lakini mumewe alituambia tukae."

Bunge alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Feni ilikuwa inagonga. Alivua vipokea sauti, na bado akasikia.

Hakumwambia mtafiti. Alikwenda mwenyewe. Fundi viatu alikuwa mlangoni kwake na sindano mdomoni, akishona soli. Alikuwa mtu mkavu, aliyekuwa na mke na watoto wawili kabla ya maji.

"Shemeji, leo uko peke yako?"

"Niambie ulichomwambia yule dada nilipotoka."

Sindano ilitoka mdomoni. Alimsukumia stuli, lakini Bunge alibaki amesimama.

"Mke wangu alikuwa ameshafunga mzigo," fundi viatu alisema. "Mdogo yuko mgongoni, mkubwa ameshika sufuria. Tuko hapa hapa mlangoni. Gari likapita, upepo mkali, lakini sauti ya Spika nani asiyeijua? *Wananchi wa bondeni, kaeni tayari kuhama mtakapoambiwa.* Mke wangu akasema, twende. Nikamwambia, hujasikia? Tumeambiwa tukae tayari. Tutaambiwa. Tukikimbia sasa vitu vitaibwa. Basi akaketi juu ya mzigo, na mtoto mgongoni. Shemeji, tulikaa. Na tayari tulikuwa. Bonde zima hakukuwa na watu waliokuwa tayari kama sisi."

Bunge alikitazama kizingiti.

"Nikasikia gari linarudi. Mbali, kule kwenye kona. Nikamwambia mke wangu, huyo, anakuja kutuambia. Nikatoka nimsikie vizuri, nikapanda kwenye ule ukuta. Alikuwa anasema neno, upepo unalichukua. Halafu yakaja maji." Alichukua kiatu, akakigeuza, akakirudisha chini. "Simlaumu. Alisoma alichopewa. Lakini upepo ukivuma hapa nasikia 'kaeni'. Nakaa. Najiambia, ni upepo tu, simama. Miguu haitaki."

Njiani kurudi, Bunge alipita ile kona. Sasa alijua mumewe alirudi kufanya nini. Alirudi kusema neno la pili, lile waliloambiwa walingoje. Jambo hilo lingempa faraja mtu mwingine. Yeye lilimpa picha ya milango mingi, na kila mlangoni watu wamekalia mizigo, wametega masikio upande mmoja.

Kesho yake alimweleza mtafiti. Mtafiti alivua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta ilipokuwa safi.

"Ile sentensi iliandikwa pale mezani," alisema. "Wote waliisoma, hakuna aliyeona tatizo. Kaeni tayari. Kwetu maana yake ni jiandaeni."

"Hata kwangu. Lakini sisi tuko mteremkoni; mimi sikuwa na mtoto mgongoni na maji mlangoni."

"Kuna jambo jingine, dada yangu." Mtafiti alishusha sauti. "Tangazo lile walilirekodi, na rekodi ileile imeshapangwa kutumika tena. Mvua hizi. Wamesema ni sauti ambayo watu wanaiamini."

Bunge aliona tangazo likipita bondeni, sauti ya mumewe, upepo uleule. Aliwaona watu wakikaa.

"Iondoeni," alisema.

"Wakiitoa hiyo watatoa zote, hata ile ya kwenye simu. Hawatataka sauti yake isikike tena popote. Umefikiria nyumbani?"

Alikuwa amefikiria. Njia nzima hakufikiria kingine. "Iondoeni," alisema tena. Mtafiti akamuuliza nani asome mpya, naye akajikuta akijibu kwamba yeye.

Walilitunga tangazo jipya na watu wenyewe, barazani kwa fundi cherehani. Safari hii Bunge alianza kwa kuwaambia, "Najua alichosema mume wangu. Msinihurumie, nisaidieni." Adabu ikavunjika na bonde likarudia hali yake.

"Ondokeni, sawa. Tuondoke twende wapi, kwa mjomba?" fundi cherehani aliuliza.

"Shuleni, kule juu."

"Basi taja shule! Na useme sasa. Bila 'sasa' mume wangu ataomba kwanza amalize chai."

Wakacheka, hata fundi viatu kidogo. Likabaki tangazo fupi: *Ondokeni sasa. Nendeni juu, shuleni. Msingoje kuambiwa tena.* Bunge alilisoma kwenye kile chumba cha feni mbovu, feni imezimwa. Mara ya kwanza sauti ilikatika kwenye "msingoje". Mara ya pili ilitoka, kisha akasoma na maneno ya kwenye simu.

Nyumbani hakupata pa kuanzia kumwambia bibi. Jioni bibi alivuta kiti, akapangusa simu, akapiga. Bunge alisimama jikoni na sahani mkononi.

"Asante kwa kutupigia," sauti ya Bunge mwenyewe ilisema ndani ya simu. "Usikate simu, utahudumiwa."

Bibi aliisikiliza mpaka mwisho, na kinanda, na tena. Kisha akaiweka simu mapajani.

"Mmemtoa."

"Ndiyo, mama."

"Aliniambia kaa. Nikawa nakaa." Hakuinua macho. "Siku ile alirudi kufanya nini huko chini, mwanangu? Wewe unajua. Naona usoni kwako unajua."

"Alirudi kuwaambia waondoke."

"Waliambiwa?"

"Hawakuwahi kusikia, mama."

Bibi hakuuliza tena. Siku zilizofuata hakuipiga ile namba, alikaa tu dirishani na simu imezimwa. Bunge alianza kuogopa kwamba amemwua mumewe mara ya pili, na mama mkwe mara ya kwanza.

Siku ya majaribio gari jipya lilishuka bondeni alasiri. Watu walikuwa wameambiwa ni mazoezi. Upepo ulikuwepo, kama vile umealikwa. Bunge alikuwa dirishani nyuma ya kiti cha bibi, na sauti yake ikapita nje, kubwa kuliko yeye: *Ondokeni sasa. Nendeni juu, shuleni.*

Bibi akasimama. Alichukua koti la Spika lililoning'inia nyuma ya mlango tangu mafuriko, akaliweka begani, akatoka.

"Mama, ni majaribio tu!"

"Nimesikia. Si mmesema tusingoje?"

Walipanda pamoja na watu wengine, fundi cherehani akimsukuma mumewe mgongoni kama toroli. Bibi alikwenda taratibu bila kupumzika, na kwenye ile kona hakugeuza kichwa. Bunge ndiye aliyegeuka. Kipaza sauti kilikuwa kimeshapita, lakini kati ya nyumba kulikuwa bado na mvumo mdogo, kama mtu anayetafuta neno. Alisimama mpaka ukaisha.

Shuleni, fundi viatu alikuwa amefika kabla ya wote. Aliketi kwenye ngazi za darasa, anahema, sindano bado iko kwenye ukosi wa shati, na miguu yake ameitazama kama ya mtu mwingine. Alimwona bibi na lile koti, akasogea haraka kumpisha.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, baba. Asante," alisema bibi. Alilivaa lile koti, akafunga vifungo vyote, akatazama bondeni. "Leo sikai."