Waya Mweusi

Niseme mapema tusije tukalaumiana: Bi Mahbuba hakuwa mtu wa kuomba kupelekwa. Tangu marehemu mumewe, Yaqdhan, alipomfundisha kuendesha gari katika barabara ya Yiti, nje ya Maskati, yeye na miaka yake khamsini na moja, huku mawifi wakisema kapagawa, bibi yule akitaka kitunguu anakifuata mwenyewe. Akimtamani shoga yake Balqees kule Ghubra, anatwaa ufunguo anakwenda, haagi wala haulizwi. Gari yenyewe ilikuwa kigari, cheupe, cha miaka ya tisini, kiyoyozi kinakohoa na viti vimekwisha. Majirani zake wa Ansab, wenye magari ya kupandia kwa ngazi, walikuwa wakikicheka. Nao wacheke! Maji ya kifuu bahari ya chungu. Ndani ya kigari kile Bi Mahbuba, sasa ana sitini na tatu, alikuwa na amri ya nafsi yake.

Mwaka huu kigari kikaanza ukorofi. Asubuhi kinawaka vizuri, mchana ukikitia ufunguo kinasema "tik" kinanyamaza. Fundi wa kwanza akabadilisha betri. Wa pili akabadilisha stata. Wa tatu, huyo mwenye maneno mengi, akafungua boneti, akachungulia, akasema, "Mashaallah, ndani panang'ara!" kisha akabadilisha kitu ambacho mpaka leo hakuna anayekijua. Kikawaka siku nne. Siku ya tano, Jumapili, saa saba mchana, mwezi wa Juni, kikamzimikia kwenye taa za barabarani Ghubra.

Anayeijua Maskati ya Juni hana haja ya kuelezwa. Magari nyuma yanapiga honi, yeye akipiga yake inatoa sauti ya mgonjwa. Akashuka, akaketi ukingoni mwa njia juani, na hapo akili ikaanza kumpotea. Mpita njia mmoja, Mungu amjaze kheri, ndiye aliyetwaa simu ya bibi akampigia mwanawe.

Talal ndiye mwanawe wa pekee, afisa wa serikali, mtu wa makamo mwenye watoto watatu. Alimkuta mama yake mtandio umeroa jasho, midomo imekauka, anamwita kwa jina la babake. Akamtia katika gari yake, akamnywesha maji chupa mbili, akaagiza kigari kivutwe, akampeleka nyumbani Ansab. Hapo akasema, macho yake mbele, "Basi, mama. Gari naiuza. Alkhamisi baada ya alasiri anakuja mtu wa vyuma chakavu."

"Unauza gari ya nani?" akauliza Bi Mahbuba.

Talal hakujibu. Ana adabu, hawezi kumwambia mama yake neno lile. Lakini wote wawili walikuwa wanalijua.

Yaqdhan alifariki mwishoni mwa mwaka jana, na Bi Mahbuba akakaa eda, miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nje ila kwa dharura. Katikati ya eda ile mulkiya ya gari, ile kadi ya umiliki, ikawa imekwisha muda wake. Nani atakwenda kushughulikia? Bi Mahbuba mwenyewe ndiye aliyesema kwa kinywa chake, "Andikisha jina lako, mwanangu. Mimi na wewe si mamoja?" Talal akaandikisha jina lake, na wala hapakuwa na hila. Hila ingekuwa nafuu, maana mtu mwenye hila unaweza kugombana naye.

Jengine ni hili. Siku babake alipoanguka, Talal alikuwa mkutanini, simu kaizima. Alipoiwasha akakuta mama yake kampigia mara kumi na moja. Hakujisamehe mpaka leo. Basi katika miezi ile ya eda alikuwa akija kila baada ya alasiri, anavua kanzu, anakwangua kutu ya kigari na kukipaka rangi nje na ndani ya boneti, ili mama yake akitoka eda aikute gari ya marehemu imekuwa mpya. Bi Mahbuba alikuwa akimsikia kutoka chumbani, spana zinalia, na baina ya spana kilio cha mtu mzima anayedhani hasikiki. "Mama, mimi sipaki juu juu," akimwambia kupitia dirishani. "Nafungua kila nati, napaka mpaka chini yake."

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya kimya cha Talal. Bi Mahbuba akashuka garini, akaingia ndani, akajifungia.

Jumatatu hakula. Jumaane akanywa chai akairudisha nusu. Alikuwa akijiona keshakuwa kifurushi, cha kubebwa hapa na kuwekwa pale, na kila kubebwa kuna ahsante yake. Akitaka kwenda kwa Balqees itabidi aombe, na akiombwa Talal atauliza saa ngapi, na saa ngapi atarudi, na kwani Balqees hawezi kuja yeye? Alilia kwa hasira. Betri mpya, stata mpya, mafundi watatu, na yeye hajui hata amlaumu nani.

Jumatano asubuhi Namazzi akamgongea. Namazzi ni mwanamke wa Uganda, mtu mzima, mwaka wa sita akifanya kazi nyumba ile, naye hapendi kuona chakula kikirudi jikoni.

"Mama, mume wangu Kasule ni fundi wa umeme wa magari kule Kampala. Tumpigie aione gari kwa simu."

"Fundi wa Kampala ataigusa vipi gari ya Maskati?"

"Yeye hataigusa, mama. Tutaigusa sisi. Yalla, amka."

Bi Mahbuba akaamka, zaidi kwa kukosa la kufanya. Wakafungua boneti chini ya kivuli cha turubai, Namazzi ameshika simu juu, na Kasule kwenye kioo, amevaa ovaroli, nyuma yake watu wanagonga vyuma. Kiswahili chake alikipata kwenye gereji za Nairobi.

"Mama, washa taa kubwa. Sasa piga honi."

Honi ikatoa mguno, na taa zikafifia.

"Washa indiketa."

Loo! Taa za dashibodi zote zikaanza kukonyeza pamoja na indiketa.

"Sasa waipa."

Waipa zikajivuta, na mshale wa joto la injini ukapanda wenyewe ilhali injini baridi. Kasule akacheka mpaka Namazzi akamwambia kwa Kiganda anyamaze. "Mama, hao mafundi wamekula pesa yako bure. Betri iko sawa. Umeme unatoka vizuri, lakini hauna njia ya kurudi. Hiyo ni athi. Uko na ule waya mweusi wa betri, upande wa hasi? Huo ndio barabara ya kurudi. Umeme ukikosa barabara unapita popote, ndio maana kila kitu kinachanganyikiwa."

"Waya si ule pale?" akasema Bi Mahbuba. "Umefungwa vizuri, tena unang'ara."

"Tusiamini macho. Mko na zile waya nene za kuazima moto kwa gari nyingine? Chukua moja. Bana hapa kwa hasi ya betri, mwisho wake bana kwa chuma kitupu cha injini. Halafu washa."

Walibana. Bi Mahbuba akaingia garini, akasoma bismillahi, akageuza ufunguo. Kigari kikanguruma mara moja, nguvu mpya, hata Namazzi akaruka. Bi Mahbuba akaegemeza kichwa kwenye usukani akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Sasa toa hiyo waya, zima gari, tutafute ugonjwa," akasema Kasule. "Fuata ule mweusi mpaka unapofungwa kwa bodi."

Ulifungwa nyuma ya betri, kwenye bati la bodi, kwa nati moja. Namazzi akapasogezea simu. "Hapa ni pasafi kabisa, Kasule."

"Safi sana ndiyo shida. Fungueni."

Nati ikafunguka, kichwa cha waya kikainuka, na chini yake palikuwa rangi. Nyeupe, laini, mikono miwili ya brashi, haikuacha hata tundu la sindano. Umeme haupiti kwenye rangi, hata mimi nisiyejua kitu nalijua hilo; kidogo kilichopata njia kilijipenyeza kwenye nati, asubuhi kikitosha, mchana wa joto kikishindwa. Palipotakiwa chuma kigusane na chuma palikuwa na kazi safi ya mtu mwenye mapenzi. Angekuwa mvivu, akapaka juu juu bila kufungua waya, kigari kisingepata hata mafua.

Bi Mahbuba alisimama na spana mkononi. "Nani amepaka hapa?" akauliza Kasule kwenye simu. "Huyo mtu alitaka kuua gari?"

"Khalas, Kasule," akasema Namazzi upesi, maana alikuwapo nyumbani miezi ile, naye alisikia spana na kilio. "Tuambie la kufanya."

La kufanya lilikuwa jepesi la kuudhi: msasa. Bi Mahbuba akakwangua mwenyewe, hakukubali kupokewa, mpaka bati likaonekana mng'aro wake wa asili, akasugua na kichwa cha waya, akafunga, akakaza. Waya mwengine wa athi ulioshika injini na bodi ulikuwa vivyo hivyo, wakaukwangua nao. Robo saa, basi. Wakawasha mara kumi, ikawaka mara kumi. Honi ikapiga mpaka paka wa jirani akakimbia.

Saa saba mchana, jua la utosi, akatoka nayo. Alikwenda mpaka Ghubra, akasimama kwenye taa zile zile, kiyoyozi na taa na redio vyote wazi, akazima makusudi, akawasha. Ikawaka. Jioni akampigia Talal. "Gari imepona, mwanangu."

"Alhamdulillahi, mama," akasema Talal kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Tutazungumza kesho."

Kesho yake, alasiri imeshaswaliwa, Talal akafika, na nyuma yake gari ya kuvuta na mnunuzi, bwana mnene mwenye bashasha. Bi Mahbuba alikuwa akingoja uani, ufunguo mkononi.

"Washa mwenyewe uone," akamwambia mwanawe.

Talal akawasha. Ikawaka. Akazima, akawasha tena, akashuka. Bi Mahbuba akamtazama usoni, akingoja. "Inawaka leo, mama," akasema Talal taratibu. "Mara ngapi imewaka asubuhi ikakuzimikia mchana? Mafundi watatu waliniambia imepona. Mimi sitaki siku nyengine nipigiwe simu na mtu nisiyemjua."

"Safari hii tumeujua ubovu."

"Ulikuwa nini?"

Hapo ndipo. Jibu lilikuwa mdomoni, maneno matatu manne tu, na gari ingebaki. Akafungua kinywa. Talal alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, na bila kungoja jibu akamgeukia mnunuzi aliyekuwa akistaajabu weupe wa bati. "Rangi hii nimepaka mwenyewe," akamwambia. "Gari ya marehemu babangu. Kila nati nimeifungua kwa mkono wangu. Ndicho kitu pekee nilichowahi kumfanyia kikatimia." Akalipangusa bati kwa mkono wa kanzu, mbele ya mtu mgeni.

Namazzi, aliyekuwa kasimama mlangoni, akapiga hatua moja mbele. Bi Mahbuba akamkata jicho, Namazzi akarudi.

Amwambie nini? Kwamba kazi ile ndiyo iliyomkalisha juani Ghubra mpaka akapotewa na akili? Mtu aliyeshindwa kujisamehe simu kumi na moja, umbebeshe na hili? Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema, nao walikuwa wakimsema Bi Mahbuba. Alijua kabisa anachokipoteza.

"Waya tu," akasema. "Waya ulilegea."

"Basi si unaona? Leo waya, kesho kitu chengine," akasema Talal kwa huruma, huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomvunja nguvu.

Mnunuzi alikuwa na furaha zake. Alikuja kununua chuma, kumbe anapata gari. "Gari ya kuvuta irudi tupu, hii naiendesha mwenyewe," akasema. "Wallahi siivunji. Nitampa mke wangu ajifunzie, kila siku ananisumbua."

"Umesikia, mama?" Talal akang'ara uso. "Haivunjwi! Ina mtu wa kuipenda. Nami nimeshampa mkono, siwezi kurudi nyuma." Nani aliyemfundisha kutorudi nyuma katika neno lake? Bi Mahbuba huyo huyo. Akaunyoosha mkono, Talal akaupokea ufunguo kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akambusu kichwani.

Kigari kikatoka getini kinanguruma vizuri, bila kusita, kikapinda kona kwa indiketa iliyokonyeza sawasawa. Gari ya kuvuta ikafuata tupu. Bi Mahbuba alisimama mpaka vumbi likakaa chini.

"Mama," akasema Talal, amemshika bega, "nisikilize. Mahali popote, saa yoyote, wewe niambie tu. Mimi ndiye dereva wako."

"Nipeleke sasa hivi," akasema Bi Mahbuba.

Talal akatoa ufunguo wake mfukoni, yu tayari, anataka kweli kumridhisha. "Wapi, mama?"

Bi Mahbuba akafikiri. Kwa Balqees hakuwa na haja leo, na dukani hakuwa na cha kufuata. Alitaka kukaa nyuma ya usukani na kwenda, akichoka arudi.

"Basi tu," akasema.

Talal akamtazama, ufunguo mkononi, asifahamu. "Basi tu ni wapi, mama?"