Goli la Ouma

Kila Alhamisi alasiri Zadock alitubu. Alitubu kwamba alimkaripia mkewe Dorca kwa sababu ya ugali mbichi. Alitubu kwamba alimwonea wivu jirani aliyenunua redio. Wiki moja, alipokosa la kusema, alitubu kwamba alisinzia wakati wa sala. Ndiyo iliyokuwa desturi ya ndugu waliookoka pale Obunga: unasimama mbele ya wenzako, unaitaja dhambi kwa jina lake, wanakuimbia, wanakukumbatia, kisha chai inamiminwa. Na kila mara Zadock alikaa chini akiwa amechoka kuliko alivyosimama, kwa kuwa ile dhambi yenyewe, ile kubwa, alikuwa ameiruka tena.

Miaka saba alikuwa akiiruka. Mwaka wa sitini na sita alikuwa golikipa wa timu ya ginari, kiwanda cha kuchambua pamba, wakacheza fainali ya kombe na vijana wa Asembo Bay. Pwani yote ya ziwa imejaa nyavu, za ngege, za mbuta, za kila samaki anayeliwa, lakini magoli ya uwanja ule hayakuwa na hata uzi. Zilibaki dakika nne na hakuna aliyekuwa amefunga. Ouma, fowadi wa Asembo, akapiga shuti la chini. Zadock akaruka, akaudaka mpira ukiwa umeshavuka mstari, hatua nzima, akauvuta nje kwa kifua. Refa, Bwana Irungu mwenye duka la nguo mjini, alikuwa mbali. Mshika kibendera alikuwa anafukuza mbuzi.

Hapo Irungu akafanya jambo ambalo refa wa kwingine asingelifanya hata kwa kuota. Huku watu walikuwa wamezoea kwamba ng'ombe akigombaniwa, au mpaka wa shamba ukigombaniwa, anaitwa mtu aliyeokoka aseme, maana huyo hasemi uongo. Basi Irungu akaja mbio, akawanyamazisha wachezaji wote, akasema, "Zadock, wewe umeokoka. Mimi sikuona. Sema wewe. Mpira uliingia?"

"Haukuingia," Zadock akasema.

Hakuwa amelipanga neno hilo. Mpaka leo hajui lilitoka wapi, ila lilitoka rahisi kabisa, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Ouma alipiga kelele, akaapa kwa mama yake, akamshika refa shati likararuka. Alifungiwa kucheza miaka miwili. Mabwana wa ginari, waliokuja siku ile kumtazama ili wampe kazi na nafasi kwenye timu, walisema hawataki mtu mkorofi. Kwenye dakika ya mwisho ginari wakafunga kwa kona, na Zadock akabebwa juu juu mpaka stendi. Kanisani wakamshukuru Mungu kwa kijana ambaye hata refa anamwamini.

Sasa Ouma alivuta mkokoteni, magunia ya watu kutoka sokoni kupandisha Milimani, na shingo yake ilikuwa imeanza kuinama. Zadock alikuwa karani wa ginari ileile. Akisikia yale magurudumu alikata kona, hata kama njia aliyoishika inampeleka asikotaka. Wiki moja alichelewa kuyasikia. Wakakutana uso kwa uso.

"Mlokole," Ouma akasema huku akipangusa jasho, "habari ya Yesu?"

Hakukuwa na hasira ndani yake, na afadhali ingekuwepo. Zadock hakulala vizuri siku mbili. Alhamisi ilipofika alisimama, akasema kwamba mpira wa Ouma uliingia na yeye alidanganya mbele ya uwanja mzima. Alitaka kueleza habari ya ile kazi, na ya mkokoteni, lakini wenzake hawakungoja amalize. Walishaanza kuimba. Mama Bilha, kiongozi wao, akamkumbatia, akamwambia damu ya Yesu imetosha, ndugu yangu, imetosha. Chai ikamiminwa.

Alirudi nyumbani akingoja kuhisi wepesi. Wepesi haukuja. Akamkuta Dorca uani anapepeta mtama, akamsimulia yote.

"Kwa hivyo umeenda kuambia watu hawakuwa uwanjani," Dorca akasema.

"Nimemwambia Mungu."

"Mungu alikuwa uwanjani, Baba. Aliona. Mwenye hajaambiwa ni Ouma."

Zadock alimkasirikia, kisha akakumbuka kwamba itambidi kuitubu hasira hiyo pia, akachoka kabisa.

Jumamosi alimpata Ouma kando ya uwanja uleule, amekaa juu ya mkokoteni mtupu akitazama mechi. Magoli yalikuwa bado hayana nyavu. Zadock akamwambia maneno yote bila kupumzika, kwa kuogopa kwamba akipumzika ataishia hapo. Alimaliza kwa kusema ameshatubu kanisani.

"Walikuimbia?" Ouma akauliza.

"Waliimba."

Ouma akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Omera, ndugu yangu, wewe umesema ukweli baada ya miaka saba, watu wanaimba. Mimi nilisema ukweli siku hiyohiyo, na hakuna mtu aliniimbia. Walinifungia."

Filimbi ya mapumziko ikalia, Ouma akageuka kumwangalia aliyeipuliza.

"Sasa unataka niseme nini? Ati mpira iliingia? Hiyo najua. Usiniletee kitu niko nayo. Pelekea refa."

Irungu bado alikuwa refa, mnene sasa, mvi zimemjaa. Ilikuwa mapumziko, naye alikuwa amesimama mbele ya goli akifyonza chungwa. Zadock alitembea mpaka pale, na watu wakamwona, na Ouma akaja nyuma yake taratibu.

"Mzee Irungu," Zadock akasema, "ule mpira uliingia."

"Mpira gani?"

Jamani! Miaka saba ya kukata kona, miaka saba ya kutubu ugali na redio, na mzee anauliza mpira gani. Zadock akatamani kurudi nyumbani. Lakini alimtazama Ouma, akaona kwamba swali lile limempiga Ouma vibaya zaidi, basi akaanza tena toka mwanzo: fainali, mbuzi, mshika kibendera, shati lililoraruka. Aliposema shati, Irungu aliacha kufyonza chungwa.

"Lakini nilikuuliza," Irungu akasema polepole. "Nilikuuliza wewe kwa sababu umeokoka."

"Ndiyo, Mzee. Nilikudanganya."

Irungu alimgeukia Ouma, akamwangalia kwa muda mrefu, miguu yake, mabega yake, kamba ya mkokoteni iliyomwachia alama shingoni. Halafu akatupa chungwa, akaweka filimbi mdomoni, akapuliza kwa nguvu, na mkono wake akaunyoosha kuelekea katikati ya uwanja, kama refa anavyofanya goli likiingia.

Watu wakaangaliana. Mmoja akapiga kelele kuuliza, refa, goli la nani, na wachezaji wako kwenye kivuli? Wengine wakacheka. Hakuna aliyeimba.

Ouma aliinua mkono, ukafika usawa wa bega, akaushusha.

"Siku hiyo nilikuwa na miguu," akasema.

Akaondoka. Akashika mkokoteni wake, akapita sokoni kuchukua magunia, Zadock akimfuata kwa mbali, hajui anamfuata kufanya nini. Walipofika kwenye mwinuko wa Milimani, mkokoteni ukapunguza mwendo, ukataka kurudi. Zadock akasogea, akaweka mikono yake miwili nyuma ya magunia, akasukuma.

Ouma alihisi uzito umepungua. Hakugeuka, na hakumkataza.