Nafasi Mbili au Nne

Mastura wa Bofu hakupiga video za harusi za wanaume. Kazi yake ilikuwa ndani, kwenye kupamba, siku bibi harusi anapokalishwa jukwaani na wanawake wenziwe wakavua mabuibui, wakaonyeshana nywele, nguo na viuno. Mlangoni husimama kina mama wawili wakali. Simu zote huachwa nje, na kamera inayoingia ni moja tu, ya Mastura. Miaka kumi na miwili wanawake wa Likoni walimwamini kwa ahadi mbili alizozitoa tangu harusi ya kwanza: jicho la mwanamume halitaona video yake, na hata sekunde moja haitapandishwa mtandaoni.

Basi akawa anahifadhi nyumbani. Alikuwa na diski kumi na moja za kubebeka ndani ya bati la biskuti, kila moja imebandikwa plasta yenye mwaka wake, ila ya kwanza yenye miaka miwili. Bati lilikaa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa. Mumewe Rashid, fundi wa friji, hakuligusa hata siku alipokuwa akitafuta bisibisi na ameshapekua nyumba nzima.

Asubuhi moja ya Jumatatu simu ililia. Alikuwa Bi Mwanatabu, jirani wa zamani aliyehamia Kisauni, ambaye Mastura alimpigia harusi ya bintiye miaka sita nyuma.

"Mwanangu, mama ametutoka wiki iliyopita."

"Inna lillahi. Bi Rahima?"

"Bi Rahima. Sasa nina haja nawe. Ile flashi uliyotupa ilipotea tulipohama. Nitolee nyingine. Mle ndani mama aliimba. Nataka kumsikia."

Mastura alikumbuka vizuri sana. Bi Rahima, na uzee wake, aliomba ashikwe mkono ainuke kitini, akatunga wimbo papo hapo, akimtaja kila mwanamke aliyekuwa ukumbini kwa jina na kwa kituko chake, mpaka watu wakalia kwa kucheka. Akateremsha bati, akatoa diski ya mwaka ule, akaichomeka kwenye kompyuta. Diski ikatoa sauti ya ta, ta, ta, kama ukucha unaogonga kioo. Kisha kimya. Aliichomoa akaichomeka tena mara tano, na mara ya tano hata ule mlio haukusikika.

Rashid aliporudi mchana kula alimkuta mkewe ameketi sakafuni, diski mapajani.

"Imekufa," alisema Mastura. "Na sina nakala."

"Nipe nimpelekee fundi."

"Fundi gani? Mwanamume?"

 Rashid aliosha mikono, akala wali wake, akatoka bila neno, na Mastura akadhani amekasirika. Kumbe alikuwa amekwenda kuzungukia maduka yote aliyopata kuyatengenezea friji, akiuliza swali lile lile: ni wapi pwani hii kuna fundi wa kompyuta ambaye ni mwanamke? Alasiri alirudi na jina kwenye kikaratasi. Lavender, Bamburi, ghorofani juu ya duka la dawa.

Kesho yake wakavuka kwa feri wote wawili. Lakini walipofika Kisauni Mastura alimwomba Rashid amsubiri barabarani, akaenda kwanza kwa Bi Mwanatabu. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njia nzima, ya umeme kukatika na ubovu wa vyombo vya siku hizi. Alipofunguliwa mlango yote yakamponyoka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

"Sikuleta. Diski imekufa. Nilikuwa na moja tu, sikuweka nyingine. Kosa ni langu. Naipeleka kwa fundi Bamburi, mwanamke, aijaribu."

Bi Mwanatabu alimtazama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mpole, na uso ule ulisimama kidogo kabla ya kulegea. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha ukumbini, akavuta upindo wa leso, akalia taratibu, na Mastura akapiga magoti pembeni yake akalia naye. Walipomaliza Bi Mwanatabu akafuta uso.

"Ungeweza kunizungusha kwa simu mwezi mzima," alisema. "Watu hufanya hivyo. Haya, nenda kwa huyo fundi wako. Inshallah."

Lavender alikuwa msichana mrefu, mchangamfu, mwenye miwani, mzaliwa wa Kisumu aliyekwisha kukaa Bamburi miaka minane. Aliisikiliza diski kwa sikio kama daktari.

"Nitajaribu," alisema. "Siahidi. Na nitakayoyaona ni yangu peke yangu, usijali." Kisha akauliza, "Na nyingine unazo?"

"Kumi. Ziko nyumbani, kwenye bati."

"Moja moja? Bila nakala? Dada, hizo nazo zinangoja zamu."

Akawatolea sanduku jeusi, kubwa kidogo kuliko mkate wa boflo, lenye milango miwili midogo kwa mbele. Aliliita NAS. Alieleza kwamba ni hifadhi ya nyumbani: unaiunga kwenye kile kisanduku cha intaneti sebuleni, na kompyuta zako zote zinaingia humo bila kuchomeka chochote, wala video haitoki nje ya nyumba. Kila mlango unaingia diski moja. Ukiweka mbili, kila unachoandika kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, kwa hiyo moja ikifa mwenzake anabaki na kila kitu. Halafu akatoa la pili, pana zaidi, la milango minne.

"Hili unaweka nne. Moja ikifa, tatu zilizobaki zinaijenga upya. Unapata nafasi ya diski tatu badala ya moja. Na si lazima ujaze siku ya kwanza, unaongeza unavyokua."

"Hilo," alisema Rashid papo hapo, akiligonga kwa kidole. "Hilo la nne."

"La mbili linanitosha," alisema Mastura.

Lavender alicheka. "Mwende mkaongee nyumbani. Nitawapigia simu."

Waliongea kweli. Waliongea siku nne. Rashid alisema mtu akijenga nyumba hajengi chumba cha kulala tu, anajenga na cha mgeni. Mastura akajibu kwamba mgeni mwenyewe hajabisha hodi. Rashid akasema harusi zinaongezeka na kamera za sasa zinakula nafasi. Mastura akasema diski nne zinanguruma na zinakula umeme, na yeye ndiye anayelala chumba kinachopakana na sebule.

"Sote tunalala chumba hicho," alisema Rashid.

"Wewe unakoroma, huwezi kusikia."

Siku ya tatu Mastura aliona heri apime kuliko kubishana. Akateremsha bati, akafungulia diski moja baada ya nyingine, Rashid amekaa upande wa pili wa pazia, asizione, akimenya machungwa na kumpitishia vipande kwa mkono. Alikuta mambo ya aibu. Meza ya biriani ya harusi moja aliipiga dakika arobaini. Kuna bibi harusi aliyehifadhiwa mara tatu, kwenye diski tatu, wakati Bi Rahima hakuhifadhiwa hata mara mbili. Alipofuta marudio na mabaki yasiyo na kazi, harusi zote zilizobaki zingeingia kwenye nusu ya diski moja kubwa kama zile za Lavender.

"Umeona?" alisema kupitia pazia. "Mbili. Na zikijaa, Lavender amesema natoa hizi naweka kubwa zaidi kwenye milango ile ile."

Vipande vya chungwa vikakoma kuja. Mastura akafunika kompyuta, akafunua pazia. Rashid alikuwa ameshika chungwa, halimenyi wala haliweki chini.

"Mimi sikuwa nahesabu harusi ulizopiga," alisema. "Nilikuwa naziona utakazopiga. Nakuona una wasichana wawili unaowafundisha, mnatoka harusi tatu kwa siku moja. Kila ukipata kitu unajikatia kidogo, Mastura. Hata samaki, unajiwekea mkia."

 Mastura alikuwa amekaa naye miaka kumi na tano na hakujua kama mtu huyu anamtazama sahani yake. Alichukua chungwa mkononi mwake, akalimenya yeye, akampa nusu iliyokuwa kubwa.

Siku ya nne Lavender akapiga simu. Diski ilikuwa imekula karibu kila kitu, lakini kuna kipande alichokivuta kikiwa kizima: dakika kumi na moja. "Kuna bibi mzee anaimba," alisema. "Sijui anasema nini, maneno mengine ni ya ndani sana, lakini nimecheka peke yangu hapa dukani."

Mastura hakusubiri kesho; alipita Bamburi kukichukua. Saa tisa alasiri alikuwa Kisauni na kompyuta yake, Bi Mwanatabu na bintiye wamebanana naye kwenye kochi. Bi Rahima akainuka kitini tena, akashika mkono wa mtu, akaanza. Alipofika kwa jina la Mwanatabu alimwimbia kwamba huyu ndiye aliyekuwa akificha sukari chini ya kitanda akiwa mdogo, na leo anaoza binti bila haya. Bi Mwanatabu alipiga kofi pajani, akacheka na machozi yakimtoka. Wakatazama mara tatu.

Baadaye, wakinywa chai, Mastura alimsimulia habari ya masanduku mawili, la milango miwili na la minne, na ugomvi wake na Rashid. Alidhani anamchosha mama wa watu kwa mambo ya mitambo. Bi Mwanatabu alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mwizi akiingia?" aliuliza.

"Vipi?"

"Akilibeba sanduku. Au nyumba ikashika moto, Mungu atuepushe. Hizo diski nne si zitakwenda zote nne pamoja? Mimi dhahabu zangu siweki zote hapa. Nusu iko kwa mdogo wangu aliye Mtwapa."

Mastura alishusha kikombe. Siku nne nzima, yeye na fundi wa friji, hawakuliwaza hilo.

Alipolipeleka swali kwa Lavender, yule msichana alikiri. "Hilo ndilo ningewaambia, lakini mlikuwa mkibishana vizuri sana. Sanduku moja, liwe la mbili au la nne, linakulinda na diski kufa tu. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Chukua mawili madogo ya aina moja."

"La pili nitaliweka wapi? Video za wanawake wa watu?"

"Tunalifunga kwa nenosiri. Atakayeliiba atapata chuma."

Jibu la wapi lilitoka kwa Bi Mwanatabu mwenyewe, kwa simu, kabla Mastura hajathubutu kuomba. Alikuwa na kabati la vyombo lenye kioo, tundu la umeme nyuma yake, na nyumba isiyoingia mwanamume ila kwa ruhusa. "Lete kwangu," alisema. "Aliyepotelewa ndiye anayejua kulinda."

Rashid aliposikia alikaa akafikiri, kisha uso ukamnyooka.

"Mbili Bofu na mbili Kisauni. Ni ngapi hizo?"

"Usianze."

"Nauliza tu. Ni ngapi?"

"Nne, Rashid."

"Nilisema nne tangu siku ya kwanza," alisema, akaenda zake kutafuta kifaa cha kuzuia umeme usiruke, maana hilo, alisema, ni fani yake na asiingiliwe.

Masanduku yote mawili aliyafunga kwa mkono wake. Kisauni alifanya kazi ameinamia ukuta, Bi Mwanatabu amesimama nyuma akimwelekeza waya upite wapi ili usiharibu sura ya kabati, na Rashid akiitika, "Naam, mama," kila mara.

Mastura alikataa kutuma kitu kwa njia ya intaneti hata kikiwa kimefungwa, maana ahadi ni ahadi. Kwa hiyo Alhamisi ya mwisho wa kila mwezi hutia harusi mpya kwenye diski ndogo, diski kwenye mkoba, akavuka mpaka Kisauni. Huichomeka kwenye sanduku lile, akabonyeza, na taa ya kijani ikaanza kupepesa. Kunakili hutaka saa mbili, mwezi wa harusi nyingi hata tatu. Mara ya kwanza alikaa ukingoni mwa kochi akiangalia saa. Bi Mwanatabu akamwambia avue buibui, aingie jikoni, nazi haijikuni yenyewe. Sasa huenda na leso yake kabisa. Mwezi uliopita taa ilizima kitambo, kazi imekwisha, na hakuna kati yao aliyetazama.