Macho Makavu

Habari hii nilipewa na bibi yangu Mwanaharusi, mwaka ule wa Uhuru, siku tulipokuwa tunachambua kunde uani kwake, mtaa wa Kikuyu. Yeye aliipata kwa mama yake, Mwantum, ambaye hakuificha wala hakuipamba. Yalipotokea, bibi mwenyewe alikuwa bado ananyonya.

Ilikuwa Gulwe, nchi ya Wagogo, wakati Wadachi wanalaza reli. Kaka yake Mwantum, Mrisho, aliangukiwa na jiwe kwenye machimbo ya kokoto, akafa palepale. Akaacha mtoto mmoja, Jaha, wa miaka saba. Mama wa Jaha alifariki siku ya kumzaa, kwa hiyo shangazi Mwantum ndiye aliyemlea.

Huyo Jaha tangu uchanga alilia bila chozi. Sauti inatoka, mdomo unapinda, mashavu makavu. Asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo, mchana anapepesa macho na kukimbia upepo. Mwantum hakuona ugonjwa hapo, aliona ukaidi. Akimchapa, chozi halitoki, basi anamwongeza. "Macho makavu wewe! Huna haya!" Ndivyo tusemavyo kwa mtu asiye na haya, na Mwantum hakuwahi kulitazama neno lenyewe.

Siku ya kwanza ya matanga wanawake walijaa mkekani. Mama Mbaruku, jirani mwenye ulimi usiojua kupumzika, akamkodolea mtoto.

"Makubwa! Baba yuko mchangani, mtoto macho makavu. Mwenzangu Mwantum, huyu umemlea vipi?"

"Labda machozi ameyasahau kisimani," mwingine akadakia, wakacheka ndani ya kanga.

Mwantum alihisi uso unamwaka. Akamvuta Jaha mpaka nyuma ya nyumba, akachovya kidole katika kibuyu kidogo cha ugoro cha mumewe. "Leo utamlilia baba yako." Akampaka, jicho hili na hili.

Jaha alipiga yowe. Kule mkekani wakasema, "Ehee, sasa uchungu umemwingia." Lakini chozi halikutoka. Lingetoka, lingeuosha ule ugoro.

Kesho yake kope zilivimba hata hazifunguki. Waliouliza, Mwantum aliwajibu, "Vumbi la reli." Alilisema mara nyingi likawa jepesi mdomoni. Akinyonyesha, alijigeuza ukutani asimwone Jaha anavyopapasa kutafuta kata ya maji.

Siku ya tatu akaja Mama Matonya, Mgogo mfugaji wa ng'ambo ya korongo, na kibuyu cha maziwa ya kutolea pole. Mifugo yake yote aliitibu mwenyewe, na watu pia walimpelekea watoto.

"Mbukwenyi," akaamkia kwa Kigogo. "Poleni na msiba. Huyu naye ana nini?"

"Vumbi," Mwantum akasema.

Mama Matonya akachuchumaa, akamshika mtoto shavu. "Vumbi nalijua, nalila kila siku. Sikia, mama. Kama ni vumbi, naosha juujuu, naenda zangu. Kama ni kitu kikali, lazima nipindue kope nikitoe. Hiyo inauma sana, simfanyii mtoto bure. Lakini kikibaki ndani, macho yanakufa. Ni nini?"

Mama Mbaruku alikuwa hapohapo, shingo ameirefusha. Mwantum akamwangalia yeye kwanza.

"Ni vumbi, bibi," akasema Jaha. "Nilicheza relini."

Hakuwa amecheza relini hata siku moja. Mwantum akaona mtoto anamsitiri, haoni mbele wala nyuma, lakini anamsitiri, tena mbele ya watu walewale waliocheka. Akakaa chini.

"Ni ugoro," akasema. "Nimemtia mimi. Kwa mkono huu."

"Wewe Mwantum!" Mama Mbaruku akang'aka.

"Mimi. Kwa kuwaogopa ninyi."

Mama Matonya aliomba maji ya vuguvugu, akamlaza Jaha mapajani, akapindua kope moja moja, akaosha. Ugoro ukatoka punje punje, mweusi. Jaha akalia mpaka sauti ikakatika, na wote wakaona: kilio kizima, mashavu hayana hata unyevu.

"Huyu hana machozi," akasema yule mama. "Katoka nayo tumboni hali hii. Nilipata kuwa na ndama hivi. Ninyi mlikuwa mnampiga alie?"

Akamgeukia Mwantum.

"Wewe una maziwa. Kila ukimnyonyesha mdogo, huyu naye umtonee, kila jicho. Usichoke."

Siku ya kumi, adhuhuri, jicho la kulia likaona kidole. La kushoto lilikuwa na ukungu mweupe, na Mama Matonya alikwisha sema hilo halirudi.

"Mwanaharusi ananinunia," Jaha akasema. "Namlia chakula chake."

"Atashiba tu," Mwantum akasema. Kisha, "Jaha, mwanangu. Nisamehe."

"Siku ile nilikuwa nalia, shangazi. Tangu asubuhi. Hukusikia?"

Hakusikia. Alikuwa anatazama mashavu. Akamtonea jicho la kulia, akamtonea na la kushoto, ingawa alijua. Akamfunika kitambaa kibichi upepo usiyakaushe macho. Jaha akalala. Kachanga nako kakaliachia titi, kakalala. Mwantum akaapa kukaa macho awapungie inzi, akapunga kwa upindo wa kanga, akapunga, mpaka mkono ukashuka wenyewe, kichwa kikaegemea ukuta, naye usingizi ukamchukua.