Usingizi kwa Hisani ya Mfadhili

Idara ya elimu ya jumba lile la makumbusho ilikuwa mtu mmoja. Watu walimwita Mwalimu, ingawa kadi iliyoning'inia shingoni mwake ilisema Mkuu wa Idara, na hiyo idara yenyewe ilikuwa yeye, meza yenye mguu mbovu na sanduku la kalamu za rangi zilizokwisha kukauka, vyote vikiwa ndani ya chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio.

Si kwamba jumba halikuwa na fedha. Fedha ziliombwa kila mwaka, tena ziliombwa kwa jina la watoto. Mkurugenzi alijua kuomba. Kila andiko alilolipeleka kwa wafadhili lilikuwa na picha ya mtoto mbele, amekikodolea macho chungu cha kale kana kwamba chungu kinataka kumwambia siri. Fedha zikishaingia, yule mtoto anasahauliwa. Zilipoingia mara ya kwanza ukajengwa ukuta mpya wa mbele. Zilipoingia tena, ofisi ya Mkurugenzi ikatandikwa zulia ambalo ukilikanyaga unazama mpaka kwenye kifundo. Mwalimu alipouliza fungu lake, akaambiwa elimu ni suala mtambuka. Alijitahidi kuelewa maana ya maneno hayo, na mwisho akaelewa: maana yake ni kwamba hupati kitu.

Siku moja Mkurugenzi akamwita na kumkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mwalimu, nyota yako imewaka. Tumekupatia mfadhili."

Mfadhili alikuwa tajiri wa magodoro. Hapakuwa na mtu mjini asiyeijua sura yake, maana ilichapwa kwenye kila godoro lililotoka kiwandani kwake, ikitabasamu chini ya shuka za watu. Alikuwa tayari kulipia mabasi ya kuleta wanafunzi kila Jumatano na kukarabati chumba kizima cha maonyesho. Sharti lake lilikuwa moja tu, na Mkurugenzi alilitaja haraka haraka, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Chumba kiitwe Chumba cha Historia ya Usingizi.

"Historia ya nini?"

"Ya usingizi. Si tunayo ile mito ya miti ya kulazia kichwa? Kitanda cha kamba? Mikeka? Vyote vinakula vumbi kule nyuma. Unavipanga kwa mfuatano wake, halafu mwisho wa chumba, unaelewa..."

"Mwisho wa chumba linakaa godoro lake."

"Ndiyo maana nakupenda, Mwalimu. Mtu hahitaji kukueleza mara mbili."

Mwalimu alitaka kukataa. Lakini aliyafikiria yale mabasi. Tangu aajiriwe, wanafunzi waliofika pale walikuwa wa shule zenye magari yao, watoto waliokuja kupiga miayo na kuuliza duka la vitafunio liko wapi. Wale wa shule za pembezoni walilijua jumba kwa kulisoma kwenye kitabu. Akakubali.

Kazi ya kupanga aliifanya kwa moyo mmoja. Mito ya miti aliisugua kwa kitambaa laini, mmoja baada ya mwingine, na kwenye mmojawapo vidole vyake vikagusa kibonyeo kidogo cha mviringo. Palikuwa pamelika kwa sikio. Mtu fulani alilalia ubavu uleule maisha yake yote. Mwalimu aliuweka mto huo mahali ambapo watoto wangeweza kuufikia na kuupapasa.

Kisha yakaja maelezo ya kuwasomea watoto, yameandikwa na watu wa matangazo wa kampuni, pamoja na onyo kwamba hakuna neno la kubadilishwa. Yalisema: Mababu zetu walilala kwa tabu. Waliamka wakiumwa migongo. Ndiyo maana hawakuendelea.

Aliyapeleka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi akasoma, akakuna shavu, akasema Kiswahili chake ni kizuri.

Jumapili wifi yake akaja nyumbani. Huyu alikuwa dada wa mumewe, na alifanya kazi katika duka kubwa la yule tajiri. Hata maji hakuyasubiri.

"Wifi, nasikia unaleta ujuaji kwenye maneno ya bosi."

"Umesikia wapi?"

"Dukani kote wanasema. Wanajua wewe ni mke wa kaka yangu. Mimi nimepandishwa cheo juzi juzi tu. Ukiharibu huko, mzigo nitabebeshwa mimi."

"Wanataka niwaambie watoto kwamba mababu zao hawakuendelea kwa sababu ya migongo."

"Si uwaambie? Hao mababu watakuja kukushtaki?"

Mume wa Mwalimu, aliyekuwa amekaa katikati yao, akainama kutafuta kitu chini ya kochi, akakitafuta mpaka mazungumzo yalipokwisha.

Basi akawaambia. Mabasi yalikuja, watoto wakashuka wakisukumana, wakapapasa mto wenye kibonyeo cha sikio, wakacheka, na Mwalimu akawasomea maneno ya magodoro kwa sauti kavu ya kutangaza kifo. Alijiambia kwamba watoto hawasikilizi maelezo, wanatazama vitu tu. Ni jambo ambalo mtu huliamini akiwa na shida ya kuliamini.

Siku ya uzinduzi tajiri alifika na waandishi wa habari na msururu wa wafanyakazi waliovaa fulana zenye uso wake, wifi naye akiwemo. Mkurugenzi alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yake, akifungua milango iliyokuwa tayari wazi. Walipofika penye godoro, tajiri akamshika kichwa binti mmoja wa mstari wa mbele.

"Haya mwanangu, leo umejifunza nini?"

"Nimejifunza kwamba mababu zetu walikuwa wajinga," binti akajibu bila kusita.

Tajiri akacheka mpaka tumbo likatikisika. Wafanyakazi wakapiga makofi. Mkurugenzi akapiga zaidi yao, mikono juu ya kichwa. Mwalimu alihisi masikio yanaungua. Hakuna aliyemwambia mtoto yule neno wajinga. Alilipata mwenyewe, kwa akili zake nzuri, kutoka kwenye kinywa cha Mwalimu wake.

"Samahani, mzee," Mwalimu akasema. "Watoto wangependa kujua. Wewe ulipokuwa mdogo ulilalia nini?"

Tajiri hakutegemea swali. "Mimi? Mkeka. Tulikuwa wengi, tunalala kama sahani kabatini."

"Na ulilala vizuri?"

Mzee wa watu alitazama ile mikeka ukutani, na kwa dakika moja akasahau kwamba anauza kitu. "Sijapata kulala vile tena," akasema. "Sasa hivi nameza vidonge."

Watoto wakaangua kicheko. Waandishi wakaandika mbio mbio. Wifi alimtazama Mwalimu kwa jicho la kumtoboa.

Kesho yake maneno hayo yalikuwa ukurasa wa mbele. Mkurugenzi akapiga kelele hadi walinzi wa getini wakasikia: "Umetuua! Umeniua mimi na watoto wa watu!" Mwalimu akarudi kwenye stoo yake akaanza kukusanya vitu vyake, na hakukuwa na vingi.

Lakini haikupita wiki, wifi akaja tena, safari hii anacheka. Bosi hakukasirika. Watu walikuwa wanamiminika dukani kuulizia kitu cha kulalia kigumu kama mkeka, na kiwandani wameshatoa godoro jipya, jembamba, la bei juu kuliko yote. Wameliita Mkeka.

Na maelezo mapya yakaja. Mababu zetu walilala vizuri kuliko sisi. Waliujua ugumu unaofaa mgongo. Ndiyo maana walikuwa na hekima.

"Umeona?" Mkurugenzi akasema, meno yote nje. "Si ulitaka ukweli?"

Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaacha kucheka ghafla. Jumatano iliyofuata alibandika maelezo ya zamani na mapya ukutani, yakiwa sambamba, akawauliza watoto nani kaandika hiki, nani kaandika kile, na kwa nini. Wakabishana kwa kelele. Mmoja akauliza kama ni yule mzee wa kwenye godoro kaandika yote mawili. Mwingine akataka kujua analipwa nani ili ayasome. Mwalimu akajibu: "Mimi."

Mkurugenzi alikuwa mlangoni. Akamwita pembeni.

"Unafanya nini?"

"Nafundisha."

"Naweza kukufukuza hata sasa hivi."

"Nifukuze. Jumatano ijayo utawapokea wewe?"

Mkurugenzi akafikiri. Akafikiria mshahara mdogo wa Mwalimu na nani mwingine angeukubali, akafikiria na andiko la mwaka ujao, ambalo halikuwa na picha bado. Akatoa simu, akawapiga picha watoto wakiwa wamenyoosha mikono mbele ya zile karatasi mbili.

"Wakija wageni," akasema, "punguza sauti."

Mwalimu akageuka kwa watoto, na kwa sauti ileile ya mwanzo akauliza ni nani alikuwa anasema alipoitwa pembeni.