Mjinga wa Julai

Kila Julai, kabla mazoezi hayajaanza, wachezaji wote wa timu hupimwa akili. Unakariri maneno kumi na mawili, unataja tarakimu kinyumenyume, unalinganisha maumbo kwenye kompyuta. Alama zinahifadhiwa. Ukigongwa kichwa uwanjani unapimwa tena, na ukishuka chini ya alama zako za Julai, hurudishwi mchezoni.

Colt Halvorsen alifundishwa ujanja na mkongwe mmoja mwaka wake wa kwanza: "Jifanye mjinga Julai, ucheze Desemba." Akajifanya mjinga miaka tisa. Nafasi yake ilikuwa mwisho wa safu, ambako mtu huzuia majitu kwa mabega na kichwa, kisha huchomoka kudaka mpira huku jitu jingine likimjia mbio. Aligongwa mara zisizo na idadi, na kila alipopimwa alionekana mzima. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuiona futiboli ya Kimarekani.

Mwezi Aprili alimchukua binti yake Ellie kutoka mazoezi ya kuogelea, akaendesha gari moja kwa moja hadi kwenye nyumba waliyoiuza miaka minne nyuma. Alihangaika na ufunguo mlangoni mpaka mwenye nyumba akatoka.

Mkewe, Kendra, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mwaka huu fanya mtihani kwa haki," alimwambia. "Mara moja tu. Ukizipita zile alama zako za uongo, cheza, sitafungua mdomo. Usipozipita, unastaafu."

"Mama Ellie, hizo nitazipita hata nikiwa nimelala."

"Haya, lala tuone."

Siku ya mtihani alikutana mlangoni na Boudreaux, kijana anayeitaka nafasi yake, ndiyo kwanza anatoka.

"Babu! Usiogope, wameandika kwa herufi kubwa."

"Nenda kanywe maziwa, mtoto."

Colt aliketi akajitahidi. Hakuwahi kujitahidi hivyo tangu shule. Shati lilimlowa mgongoni. Maneno saba yalikuja upesi. La nane lilimkaa kwenye ncha ya ulimi likakataa kutoka. Tarakimu zilimponyoka. Akajifariji kwamba huenda mtihani wenyewe ni mgumu, maana kusema kweli hakuwahi kuufanya kwa haki.

Daktari Weintraub, daktari wa timu, alitazama kompyuta, akatabasamu.

"Thelathini na nane. Mwaka jana thelathini na tisa. Hujabadilika hata chembe, Colt. Nenda kavae."

Colt hakuinuka. Hofu ilimshika, hofu ambayo hakuna jitu lililowahi kumtia. Angeweza kwenda kuvaa. Hakuna aliyejua, na Kendra angeamini chochote atakachoambiwa, kwa sababu ndivyo alivyo.

"Babu, tunakungoja!" Boudreaux aliita kutoka ukumbini.

"Daktari," Colt alisema. "Mwaka jana nilidanganya. Na mwaka juzi. Miaka yote."

Daktari akacheka kidogo, macho bado kwenye kompyuta. "Ninyi nyote mnadanganya, mnadhani sijui? Na leo umedanganya?"

"Leo nimejitahidi."