Saba ya Kwenye Picha

Wiki tatu nzima Zuberi hakukalika. Alikuwa amejaribu programu nne za kutunzia picha, akafuta tatu, na hiyo ya nne aliifunga na kuifungua, akaifunga tena, kama mtu anayekagua kufuli aliyouziwa na mwizi. Programu yake ya zamani, ile yenye alama ya kipepeo, ilikuwa inakufa. Wenyewe walitangaza mwezi wa pili wa mwaka ule wa 2014, kwa barua ya mistari minne: hakutakuwa na toleo jipya, tunawashukuru kwa kuwa nasi.

Hiyo shukrani ndiyo iliyomchemsha damu. Zuberi alikuwa na kichwa cha kuhifadhi, na kila kitu alichowahi kukitegemea kilimuaga kwa shukrani. Kiwanda cha kamba alikofanya kazi baba yake kilibandika shukrani getini siku kilipofungwa. Duka la ushirika kule Muheza lilishukuru. Kampuni ya ujenzi iliyomleta Doha mwaka 2009 ilipochoka na maswali yake ilimsukumia kwenye kampuni dada ya ulinzi, akasimame mlangoni mwa jengo la The Pearl awafungulie watu lifti, na barua ya uhamisho ikamshukuru mara mbili.

Ndani ya Kipepeo, kama alivyoiita, mlikuwa na picha elfu sita na mia nne, zote za kamera ndogo aliyoinunua wiki yake ya kwanza mjini. Hazikuwa picha za kujipigia ufukweni Corniche za kutuma nyumbani. Zilikuwa za wanaume juu ya majukwaa, vitanda vya ghorofa tatu, mapipa ya maji, na chini ya kila moja alikuwa ameandika jina la mtu, mahali na kilichotokea. "Mtu asiye na jina chini ya picha yake," alizoea kusema, "ni pambo la ukutani."

Na katika hizo mlikuwa na picha kumi na moja za juu ya paa, za Jumanne moja ya Julai 2011.

Siku hiyo Bakari, ndugu yake wa Muheza, walikotoka pamoja, alianguka juu ya paa wakati jua limesimama utosini, saa ambazo amri ya nchi ilikataza mtu yeyote kufanya kazi nje. Figo zikafa. Kampuni iliandika kwenye faili kwamba alianguka saa moja asubuhi, kabla ya joto, kwa maradhi aliyokuja nayo. Bakari alirudishwa nyumbani na mstari ule ukamfuata. Kule Muheza wakasema aliwadanganya madaktari ili aende Uarabuni. Baba mkwe wake alimwambia mbele za watu kwamba asingemwoza binti yake kwa mgonjwa aliyejificha. Kitu kimoja tu Bakari alimwomba Zuberi, na alikiomba kila walipozungumza: mstari ule ufutwe.

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana. Jumamosi, mjumbe wa vyama vya wafanyakazi kutoka Ulaya angepokea malalamiko hotelini, robo saa kwa kila mtu. Zuberi akajaribu kuzitoa picha zake kwenye Kipepeo aziweke kwenye flashi. Zilitoka uchi. Majina, maelezo, kila alichokiandika kwa miaka mitano kilibaki tumboni mwa Kipepeo, na Kipepeo kilikuwa kinakufa nacho.

Ndiyo maana Ijumaa, baada ya swala, alikuwa amekaa kwenye mkahawa ulio chini ya jengo analoishi, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kompyuta mbili mbele yake na chai ya karaki iliyopoa. Aliyekuwa naye ni Jeptoo, Mkenya, fundi wa kompyuta aliyezoeana naye kwa kupita mlangoni pake kila wiki akienda kwa wateja. Jeptoo alikuwa ametoka kanisani Mesaimeer, maana Doha hata Wakristo husali Ijumaa, bado na gauni lake la kuimbia kwaya.

"Mzee, chagua moja tukule lunch," alisema. "Ile ya kampuni kubwa iko sawa. Inaweka kila kitu kwenye wingu."

"Na nikiacha kuwalipa?"

"Inafunga."

"Inafunga na watu wangu ndani. Hilo ni lile geti la kambini, dada, wamelipaka rangi tu."

"Wewe hata chai unaiuliza imetoka kwa nani." Jeptoo alisogeza kikombe. "Basi bakia na hii ya yule Mfini. Alikujibu?"

Zuberi alikuwa amemwandikia aliyeitengeneza programu ya nne, mtu wa Ufini. Kiingereza alikiokota mwenyewe, kwenye kamusi na magazeti yaliyoachwa mapokezi, na kwa Kiingereza hicho aliuliza mambo matatu: wewe ni nani, mko wangapi, na mwaka 2024 programu hii itakuwa hai? Aligeuza kompyuta Jeptoo aone majibu. Mfini alisema yuko peke yake, ana kazi nyingine mchana. Kuhusu 2024 hawezi kuahidi, huenda akachoka. Ila kila neno linaloandikwa chini ya picha, programu yake inaliandika ndani ya picha yenyewe, na hata yeye akifa, programu nyingine yoyote italisoma.

"Huyu ni wa kwanza," Zuberi alisema, "ambaye hakunishukuru."

"Kwa hiyo ndio huyo?"

"Weka."

Jeptoo alimimina zile picha kumi na moja kwenye programu ya Mfini, zikajipanga zenyewe kwa saa zilizopigwa. Alikuwa hajawahi kuziona. Alizipitia polepole, kidole kwenye meno.

"Hapa ndipo Bakari ameanguka, sindio? Seven twelve."

"Saa saba na dakika kumi na mbili."

"Eeh. Seven."

"Seven," Zuberi alikubali, na wote wawili wakaendelea.

Kwenye picha ya nne Jeptoo alisita. Akarudi nyuma. Alikuza picha mpaka miguu ya wale wanaume ikajaza kioo.

"Mzee. Vivuli vyao viko wapi?"

"Wamevikanyaga. Saa zile kivuli hakina pa kwenda."

"Lakini hii ni asubuhi. Jua la saa moja liko kando, linakuja na kivuli kirefu hivi."

"Nani amesema saa moja? Nimekwambia saa saba. Mchana."

"Picha imeandika seven."

"Saba kwa Kiingereza ni nini?"

"Seven."

"Basi."

Jeptoo alicheka, kicheko kidogo kilichomtoka bila ruhusa, akauziba mdomo kwa kiganja. "Wewe hii kamera uliiseti na saa ya Kiswahili?"

Akilini Zuberi alimwona baba yake akiitia ufunguo saa yake ya mkononi, mshale mfupi ukielekea pale pale mdomo unapotaja: saa tatu, basi tatu. Hivyo ndivyo saa ilivyokuwa nyumbani kwao. Wiki ya kwanza Doha, kamera mpya mkononi, ilikuwa saa tatu asubuhi, akaiandikia tatu. Kwenye daftari la mlangoni kazini aliandika kumi na tatu kamili, saa ya Kizungu, kila siku ya Mungu, kwa sababu hilo lilikuwa daftari la watu. Kamera ilikuwa ya kwake. Miaka mitatu aliitazama ile saba na kuisoma saa saba, wala moyo haukumshtuka.

"Hakuna noma," Jeptoo alisema, sasa kwa upole. "Ni masaa sita tu. Hii programu inasongesha zote mara moja."

Zuberi alikuwa hayupo pale. Alikuwa ofisini, Julai 2011, mbele ya karani na wasimamizi wawili. Yeye ndiye aliyepeleka picha. Yeye ndiye aliyeipiga meza kiganja. Karani alimuuliza kwa Kiingereza, saa ngapi? Na Zuberi, mwenye Kiingereza cha miaka miwili, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka korido: *Seven, sir. Seven. Picture is saying seven.* Karani alitazama picha, akaandika, akasema asante. Miaka mitatu Zuberi aliibeba ile asante kama kofi. Aliihadithia kambini, akaihadithia Muheza kwenye simu: niliwatajia saa, wakageuza, na yule akanishukuru usoni.

Hawakugeuza. Waliandika alichosema.

"Ni mimi," alisema.

"Ni nini?"

"Ile saa moja asubuhi. Mimi ndiye niliyewapa."

Jeptoo alielewa. Mwenye mkahawa alipita akachukua kikombe.

"Lakini macho walikuwa nayo," Zuberi alisema baadaye, na hasira ilirudi, imepungua upande mmoja. "Picha walikuwa wameishika. Watu wazima watatu, wanaishi jangwani, hawakuona kivuli? Ile saba yangu iliwafaa. Wakaichukua."

"Kweli. So nisongeshe?"

"Usiguse." Aliushika mkono wa Jeptoo hewani, kisha akauachia haraka kwa aibu. "Ukisogeza, kesho watasema Zuberi amechezea saa. Na kweli nitakuwa nimechezea. Iache saba ilivyo."

"Basi watakuamini aje? Unahitaji picha yenye saa ingine ndani. Saa yao."

Zuberi aliivuta kompyuta ya zamani. Kipepeo kilichukua muda kuamka. Kwenye kisanduku cha kutafutia aliandika neno moja, *getini*, na Kipepeo kilichokuwa kinakufa kikamletea picha arobaini, kila moja na majina yake. Ya ishirini na sita ilikuwa ya Jumanne ile ile: watu wamepanga foleni ya maji, na juu ya vichwa vyao saa ya kampuni, tarakimu nyekundu, 14:20. Kamera ilikuwa imeandika 8:20. Chini yake, kwa mkono wake mwenyewe wa mwaka 2011: *Maji yameisha kabla ya kumfikia Silvesta. Bakari amepelekwa hospitali, bado hatujaambiwa kitu.*

Jeptoo alisoma, akahesabu tofauti ya saa kwa vidole: sita.

Waliziweka zote kumi na mbili kwenye programu ya Mfini. Chini ya kila moja Zuberi aliandika kwa Kiswahili, Jeptoo akaweka Kiingereza chake: *Saa ya kamera hii inahesabu Kiswahili. Ongeza sita. Tazama saa ya getini. Kosa la kusema "seven" ofisini ni langu, Zuberi. Kivuli si changu.* Jeptoo alitaka sentensi ya mwisho itoke. Ilibaki.

Kisha Zuberi alimpigia Bakari simu. Sauti ilitoka mbali, ya mtu aliyelala.

"Bakari, ndugu yangu. Ile siku, ofisini, niliwaambia seven."

"Ndiyo. Umenihadithia mara ngapi? Saa saba."

"Seven, Bakari."

"Si ndiyo saa saba? Ndivyo ilivyokuwa, mimi mwenyewe nilisikia adhana ya adhuhuri imekwisha." Bakari alikohoa. "Sasa kosa liko wapi?"

Zuberi alitazama kioo, ile saba ndogo kwenye pembe ya picha. Jeptoo alikuwa anakusanya nyaya, macho ameyaweka kando.

"Kaa kitako," Zuberi alisema. "Nikuelezee. Unaikumbuka ile saa ya baba?"